Mwalimu Phineas Walubengo na Mawe ya Kila Jumamosi

Wazee wa kanisa, ndugu wa Kimilili mliofika na matope mpaka magotini, majirani wa Yamumbi na wa Kimumu, na ninyi watoto wa shule mliokaa kwenye nyasi pale mbele. Nimepewa kusema maisha ya marehemu kwa sababu mimi, Nelima, ni dada yake mkubwa, na nilimbeba mgongoni kabla hajajua kuwa ana miguu. Kusoma sijui. Mimi nimesema, Esther binti yake ameandika, naye ndiye anayewasomea. Kila nilipotia chumvi alisimamisha kalamu na kunitazama, nami nikapunguza. Sikupunguza yote.

Mwalimu Phineas Walubengo alizaliwa mwezi wa tatu, mwaka wa 1906, huko Kimilili, wakati wa kupanda wimbi. Alikuwa mtoto wa tano wa Mzee Kituyi na Mama Nanzala, ambao wote wawili walimtangulia. Siku hiyo nilikuwa mlangoni, nina miaka saba. Mtoto yule hakulia. Alifumbua macho akatazama paa, akalitazama kwa muda mrefu, mpaka mkunga akasema huyu anahesabu nyasi. Baada ya kumaliza kuhesabu ndipo akalia. Mama alifurahi. Mkunga hakufurahi, na hakutueleza sababu.

Mwaka wa 1919 baba yetu alipata kazi ya kuendesha magari ya ng'ombe katika shamba la Kaburu mmoja, Yamumbi, karibu na Eldoret, mji ambao sisi tuliuita Sisibo na wengine bado tunauita hivyo. Tulisafiri siku nne. Siku ya tatu gari lilikwama katika matope, na watu wema wakatokea kila upande kusaidia. Wa nyuma walisukuma mbele, wa mbele wakasukuma nyuma, na mjomba wetu, aliyekuwa na nguvu kuliko wote, akasukuma ubavuni. Gari halikwenda popote. Walubengo alikuwa na miaka kumi na mitatu. Alichukua kuku wetu mmoja akamwendea mjomba kwa heshima, akamwambia, "Mjomba, kuku huyu ni wa mwenye shamba. Akipotea, baba hana kazi. Mtu wa kumwamini ni wewe." Mjomba akaacha gari akamshika kuku kwa mikono miwili. Gari likatoka. Mjomba alimshika kuku yule mpaka Yamumbi, na walipofika kuku alikuwa ametaga mayai manne mkononi mwake. Esther amesimamisha kalamu. Basi, mawili.

Mwaka wa 1920 marehemu alirudishwa Kimilili kusoma misheni. Alibatizwa tarehe 24 Desemba 1922 akaitwa Phineas. Alimaliza darasa la nne mwaka wa 1925, na kwa zama zile mtu wa darasa la nne aliitwa kusoma barua za kijiji kizima, hata barua za watu waliokuwa hawasemezani. Hakuwahi kutoa siri ya barua. Mimi nilimbembeleza sana.

Alirudi Yamumbi mwaka wa 1926 akawa karani wa maziwa shambani kwa miaka kumi na miwili. Tarehe 20 Desemba 1930 alifunga ndoa na Musimbi, binti wa fundi wa mawe kutoka Maragoli aliyekuwa akifanya kazi mjini. Wazee wetu walinung'unika kwamba amevuka mipaka kutafuta mke. Musimbi alipofika alinyamaza mwaka mzima, akalima, akapika, akasikiliza. Mwaka wa pili alianza kusema, na tangu hapo hatujapata nafasi. Mungu aliwapa watoto watatu: Esther, Wangila na Mary.

Sasa nifike kwenye shule, maana ndipo alipoishi na ndipo alipopata kifo chake.

Mwenye shamba alikubali watoto wa vibarua wajengewe shule, nayo ilifunguliwa Jumatatu, tarehe 10 Januari 1938. Kilikuwa chumba kimoja cha udongo, pembe nne, paa la nyasi. Watoto walikuwa kumi na saba. Wazazi na mababu waliokuja kusaidia walikuwa sitini. Hesabu hiyo ndiyo iliyokuwa mzigo wa marehemu kwa miaka kumi na minne. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuketi darasani, kwa hiyo kila mmoja alikuwa na njaa ya shule, na njaa yenyewe haikuwa na adabu.

Kwanza tulikataa nyumba ikose mti wa kileleni. Ninyi wageni hamjui: kwetu, nyumba ya mwanamume huwa na mti unaochomoza juu ya paa, na mti huo hushushwa siku mwenye nyumba amekufa. Nyumba ya pembe nne haivai mti huo. Sisi tuliivisha. Mwalimu alituuliza mwenye nyumba ni nani, tukamwambia ni yeye. Akatazama juu, akakubali ukae.

Kisha Mzee Kimeli, jirani yetu Mnandi aliyekuwa na wajukuu watatu shuleni, alikuja na mkuki akasimama mlangoni, kwa kuwa alisikia elimu huibwa. Baada ya wiki moja alihamia ndani, akawa anajibu maswali kabla ya watoto, na akikosea anawatazama wao kwa ukali. Marehemu hakumfukuza. Alitafuta diski ya plau iliyochakaa, akaitundika mtini, akamwambia Kimeli kwamba kengele ya shule inataka mtu mzima mwenye mkono mzito na neno moja. Kimeli ameipiga mpaka leo. Watu wa Kimumu mnasema hamjawahi kuisikia. Husikika mpaka Kitale.

Mke wa Kimeli, Mama Jeruto, alileta kibuyu cha maziwa lala kila asubuhi, watoto wakanywa, na ikifika saa nne darasa zima lilikuwa limelala na Mwalimu anafundisha nzi. Kumkatalia mama wa Kinandi maziwa yake ni kumtukana. Marehemu alimwambia maziwa mazuri namna hii yatolewe saa ya kwenda nyumbani, ili mtoto aikumbuke njia. Jeruto alikwenda akijisifu kwa majirani.

Mimi nilichukua ukuta. Kila Jumamosi nilikanda udongo na samadi nikasiriba, na wanawake wengine wakanifuata, kila mmoja akitaka alama ya mkono wake iwe juu ya ile ya mwenzake. Ukuta ukanenepa. Mwaka wa 1943 mlango ulikataa kufunga, na dirisha moja likazibika kabisa hata tukasahau lilikuwa wapi. Marehemu alikuja akasimama kando yangu.

"Dada," aliniambia, "ukuta huu ukizidi kunenepa, watoto watasomea nje."

Nikamwuliza basi tufanye nini, maana Jumamosi ni ndefu na mikono inawasha. Jumamosi iliyofuata alitukusanya wote, akatuonyesha rundo la mawe lililokuwa pembeni mwa kiwanja, akasema hayo ndiyo mawe ya msingi wa shule ya kudumu, shule ya mawe. Lakini pale yalipo ardhi ina maji. Tuyahamishie upande wa pili.

Tuliyahamisha, sote sitini, tukiimba. Jumamosi iliyofuata alikuja na fimbo, akachoma ardhi hapa na pale, akainama akasikiliza, akasema upande huu nao una maji. Tukayarudisha. Mawe yalikuwa mia mbili na kumi na manne, watoto waliyahesabu. Kwa miaka tisa, kila Jumamosi, tuliyabeba mawe yale kutoka upande wa jua kwenda upande wa kivuli, na kutoka upande wa kivuli kwenda upande wa jua. Mimi nilikuwa na jiwe langu mwenyewe, la rangi ya ini, na hakuna aliyethubutu kuligusa. Katika miaka hiyo tisa mlango ulichongwa ukafunga, dirisha likapatikana, na watoto wakawa themanini na watatu. Tuliona ajabu jinsi shule ilivyoanza kwenda vizuri.

Mwezi wa pili mwaka huu wa 1952, Inspekta wa elimu alikuja na gari. Hakutazama watoto. Alitazama sakafu, akaona vitone vya jua vimetapakaa kama punje, kisha akatazama paa. Alisema atarudi Jumatatu, tarehe 26 Mei. Akikuta paa linavuja, au akikosa kuona rejista za mahudhurio za miaka yote kumi na minne, shule itafungwa na watoto warudi kung'oa magugu shambani.

Marehemu alipanga kazi yake. Paa lingeezekwa upya upande mmoja kwanza, kisha wa pili, kipande kwa kipande, pasipo kulifunua lote, kwa sababu mvua ya masika ilikuwa imeshaanza. Watu wa kupanda juu ni wawili tu: Kiprono na Wanyonyi, ambao ni waezekaji wa kweli. Wengine wote, mawe.

Ijumaa, tarehe 9 Mei, alitwambia kwamba kesho yake ameitwa mjini kwenye ofisi ya elimu, kuchukua chaki na fomu za Inspekta, kwa hiyo hatakuwapo kupima ardhi. "Kesho mawe hayahamishwi," alisema. "Kesho mpumzike."

Tulitazamana. Neno hilo hakuna aliyewahi kutuambia, si mwenye shamba, si waume zetu. Hatukujua linashikwa upande gani.

Jumamosi asubuhi tulikuja vilevile. Tulisimama kiwanjani, mikono mitupu. Na maneno yaliyofuata niliyasema mimi, Nelima, hakuna mwingine, msimtafute mwingine. Nilisema, "Tumshtue Mwalimu. Tukiezua lote leo, sitini sisi, jioni akirudi anakuta nyumba mpya." Kimeli akapiga kengele. Kiprono alisema tungoje. Nilimwuliza tangu lini kijana anafundisha wazee kazi ya Jumamosi, akashika ngazi. Kabla ya saa sita paa lote lilikuwa chini.

Ulibaki ule mti wa kileleni. Wanyonyi alikuwa juu, ameushika. Aliniuliza, "Mama Nelima, na huu?" Nikamwambia ashushe, tutaupandisha jioni. Akaushusha.

Ndipo Jeruto alipouliza nyasi mpya ziko wapi. Tukageukiana. Kila mmoja alikuwa amekuja kubomoa, kwa sababu kubomoa kunaonekana. Hakuna aliyekuwa amekwenda bondeni kukata nyasi, hata fungu moja.

Marehemu alirudi kwa baiskeli karibu saa nane. Alitukuta tumezunguka kuta tupu, na mti umelazwa chini. Alisimamisha baiskeli akavua kofia. Alitutazama mmoja mmoja, kama mtu anayetafuta nani hayupo.

"Nani amekufa?" aliuliza.

Na mvua ikaja na mawe yake, ile mvua ya Uasin Gishu isiyobisha hodi. Sisi tuliokuja kusaidia tulikimbia. Tulivuka kijito kabla hakijajaa, tukafika kwetu, tukawasha moto. Yeye aliingia ndani ya kuta, kwa sababu rejista zilikuwa mezani, na vitabu, na sileti. Kijito kilifurika, hakuweza tena kuvuka kwenda kwake. Akavua koti akazifunika rejista, akazilalia kwa kifua juu ya meza, na akakaa hivyo kuanzia saa nane mpaka saa kumi na moja. Kimeli ndiye aliyerudi wa kwanza, na ngozi ya ng'ombe kichwani, maji ya kijito yakimfika kwapani. Alimkuta bado ameinama. Rejista zilikuwa kavu. Hapa siongezi chumvi. Esther ameziona.

Jumapili alianza kukohoa. Jumatatu alifundisha chini ya anga tupu, huku Kiprono na Wanyonyi wakifunga nyasi juu ya kichwa chake. Musimbi alimsihi aende hospitali, nami nilimsihi, akasema paa likifika kilele atakwenda. Wiki nzima hatukuruhusiwa kugusa hata kamba. Na Jumamosi, tarehe 17, alitoka kitandani. Alikuja kiwanjani amejifunga blanketi, fimbo mkononi, kifua kikilia kama mlango mbovu. Alichoma ardhi, akainama kusikiliza, na Kimeli akamshika asianguke. Akasema upande huu una maji.

Tuliyabeba. Yeye alikaa kwenye kiti akitutazama mpaka jiwe la mwisho, ndipo akakubali kurudishwa nyumbani. Nilidhani ni mapenzi ya kazi.

Jumanne, tarehe 20, alishindwa kuinuka. Wakati Wangila anafunga ng'ombe kwenye gari la kumpeleka hospitali, aliniita peke yangu.

"Dada, yale mawe."

Nikamwambia asijali, yako upande wa jua, pakavu.

"Hayakuwa na kazi," alisema.

Sikumwelewa. Akapumua, akanieleza polepole kwamba hapakuwa na maji chini ya ardhi, wala hapakuwa na shule ya mawe. Alikuwa akitupatia yale mawe ili tusiiguse shule. Nilimwuliza, "Miaka tisa, Walubengo?"

"Mngeibomoa mwaka wa kwanza," alisema, na akacheka kidogo, na kicheko kikageuka kikohozi. Kilipotulia nilimwuliza lile lililokuwa linanila, kwa sababu nilikuwa nimeshasikia watu wakinong'ona kisimani kwamba Nelima ameshusha mti wa nduguye akiwa hai. Alinishika mkono.

"Mti haukuniua, Dada. Ni mvua. Wanyonyi aurudishe juu akimaliza nyasi. Shule haijafiwa."

Alifariki hospitalini Eldoret, Jumatano, tarehe 21 Mei 1952, saa nne asubuhi, kwa ugonjwa wa nimonia, akiwa na umri wa miaka arobaini na sita. Yeye alisema ni mvua. Mimi ninayejua ni nani aliyeita watu waezue sitasema tofauti mbele ya kaburi lake, lakini sitasema pia kwamba nimeamini.

Sasa nisikilizeni, maana wasifu wa mtu huyu haujaisha, umebaki na siku mbili. Inspekta anakuja keshokutwa, Jumatatu. Upande wa mashariki wa paa umekwisha. Upande wa magharibi umebaki urefu wa mtu mmoja aliyelala. Kiprono na Wanyonyi watapanda leo baada ya maziko, kesho baada ya ibada, na Jumatatu alfajiri. Nimewaona tangu asubuhi jinsi mnavyokuja. Watu kumi na wanane wamegombania majembe mawili ya kuchimba kaburi, na kaburi limekuwa refu kuliko hata marehemu alivyokuwa. Jeruto ameleta vibuyu tisa. Kimeli amepiga kengele tangu kulipokucha. Najua mnachotaka kufanya mkitoka hapa, kwa sababu mimi ndiye wa kwanza kukitaka.

Hamtapanda. Mtu atakayegusa ngazi ile atanikuta chini yake nimekaa.

Kazi yetu iko hapa. Kaburi likishafukiwa, kila mzazi achukue jiwe moja moja kutoka kwenye lile rundo, alilete, aliweke juu yake, mpaka rundo liishe. Mia mbili na kumi na manne yatatosha. La rangi ya ini niachieni. Hii ndiyo mara ya mwisho mawe yale yanahama, na ndiyo mara ya kwanza yanakwenda mahali. Kisha tukae kwenye nyasi na watoto, tutazame watu wawili wakifunga paa. Mti ukisimama tena juu, msishangilie. Kaeni tu.

Marehemu ameacha mjane, Mama Musimbi. Watoto watatu, Esther, Wangila na Mary. Mjukuu mmoja, ambaye ameitwa Phineas tangu Jumatano. Dada mmoja, Nelima. Na wanafunzi themanini na watatu ambao majina yao yamo katika rejista, makavu.

Alituambia tupumzike, nasi hatukujua namna ya kupumzika. Mungu ampe yeye pumziko tulilomnyima, na sisi atupe uwezo wa kukaa chini.